Sura ya Nne: Sokwe Aliyelala Kabatini

Mwaka 1951 mwanajiolojia Mwingereza, Thomas Whitworth, alikuwa akichunguza matabaka ya miamba katika Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, alipokuta kitu kisichokaa sawa na mazingira yake. Lilikuwa duara la mwamba lililozama wima ndani ya mwamba mwingine, na ndani yake mifupa imesongamana: nguruwe wa kale, mijusi, nyoka, panya. Miongoni mwao alikuwamo sokwe mchanga ambaye hajamaliza kukua. Mkono wake ulikuwa umehifadhika kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa sokwe wa zama hizo, pamoja na sehemu za kichwa na mguu.

Whitworth aliona kwamba hilo lilikuwa shimo lililochimbwa na maji ya mto yanayozunguka, kama yale tunayoyaona kwenye majabali ya mitoni. Mizoga iliingia humo, ikafukiwa, ikageuka mawe. Maelezo hayo yaliwatosha watu. Mwaka 1959 John Napier na Peter Davis walichapisha kazi ndefu kuhusu mkono huo, ikawa ndiyo rejea ya kila aliyetaka kujua sokwe wa kale walitembeaje. Mifupa mingine iliyotoka kwenye shimo ilipangwa kulingana na wanyama wake, ikatiwa kwenye makasha, makasha yakaingia makabatini Nairobi.

Tangu 1951 miaka karibu thelathini ikapita. Mwaka 1980 Martin Pickford, mtaalamu wa visukuku, alikuwa akipekua mikusanyo ya makumbusho ya Nairobi, na ndani ya makasha ya wanyama wengine akakuta mifupa ambayo haikuwa yao kabisa. Ilikuwa ya sokwe, na ilitoka katika eneo lile lile la Whitworth. Akishirikiana na mtaalamu mwenzake, Alan Walker, alianza kuiunganisha. Yule sokwe wa mwaka 1951 akaanza kukua mezani: kipande hiki kikaitana na kile, upande wa kulia ukapata mwenzake wa kushoto. Viungo vyake vilikuwa vimekaa chumba kimoja muda wote huo, kila kimoja kwenye droo yake, vikiwa na lebo za wanyama wengine.

Walker na Pickford hawakuishia kabatini. Walirudi kulitazama lile shimo lenyewe, na maelezo ya mto yakaanguka. Kuta zake zilikuwa wima mno, na umbo lake lilikuwa la shina. Palikuwa na mti mkubwa wenye uwazi ndani, uliofukiwa ungali umesimama majivu ya volkano yalipoanguka. Mbao zilioza, nafasi yake ikajazwa udongo, udongo ukawa mwamba. Wanyama walioingia humo kwa miguu yao, na wale walioburutwa humo na mnyama mla nyama aliyeufanya uwazi huo kuwa pango lake, walibaki ndani. Walker na mkewe Pat Shipman walikuja kuandika kitabu kizima juu ya kisa hiki mwaka 2005, na sokwe aliye mtini yumo hata kwenye jina la kitabu.

Nimeanza na mti huu kwa sababu vitabu vingi huanza na ugunduzi kana kwamba ni tendo la dakika moja: mtu anainama, anaokota, dunia inabadilika. Sokwe wa Rusinga hakugunduliwa hivyo. Aligunduliwa mara nyingi, na mara kadhaa kati ya hizo aligunduliwa ndani ya nyumba.

Ya kwanza kabisa haikuwa hata Rusinga. Mwaka 1926 daktari mlowezi, H. L. Gordon, aliokota visukuku kwenye machimbo ya mawe ya chokaa Koru, mashariki mwa Kisumu, akavipeleka London. Ndani ya mwamba uliobanduliwa taratibu kule makumbusho, Arthur Tindell Hopwood aliona taya la juu la sokwe. Akaja mwenyewe Kenya mwaka 1931, akapata mengine, na mwaka 1933 akatangaza jamii mpya kwa jina la Proconsul africanus. Jina hilo lina mzaha ndani yake. Consul lilikuwa jina la kisanii la masokwe zaidi ya mmoja waliokuwa wakionyeshwa Ulaya, wamevalishwa suti, wakiendesha baiskeli na kuvuta tumbaku mbele ya watu waliolipa kiingilio. Proconsul, basi, ndiye aliyemtangulia Consul. Mnyama wa Koru aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya binadamu wa kwanza akapewa jina la kichekesho cha jukwaani, na limemganda hadi leo.

Mtafuta visukuku Louis Leakey naye alianza kupekua Rusinga mwaka huo huo wa 1931. Kisiwa hiki ni mali kwa mtafuta visukuku, na mwenye kukipa mali hiyo ni mlima. Ukisimama Rusinga ukatazama bara upande wa kusini, vilima vya Gembe na Gwassi unavyoviona ni mabaki ya volkano kubwa iitwayo Kisingiri. Miaka kama milioni 18 iliyopita mlima huo ulikuwa ukitema majivu, na majivu yake yalikuwa ya aina adimu, yenye chokaa na chumvichumvi nyingi. Majivu ya kawaida hula mfupa taratibu. Haya yaliugandisha mapema, kabla haujaoza. Ndiyo maana Rusinga na jirani yake Mfangano hutoa vitu ambavyo kwingine hata kuviota huwezi: matunda na mbegu, wadudu waliobaki na umbo lao zima, hata viwavi.

Ziwa, kwa upande wake, halikuwepo. Hilo ni jambo la kukumbushana, maana mtu akisikia Rusinga huwaza mitumbwi, dagaa wanaoanikwa na taa za wavuvi usiku. Ziwa Victoria ni changa sana kwa hesabu za dunia. Sokwe tunayemzungumzia hakuwa mkazi wa kisiwa. Aliishi kwenye miteremko ya volkano iliyokuwa hai, ndani ya msitu uliofukiwa na majivu, ukaota tena, ukafukiwa tena.

Oktoba 1948 Louis na mkewe Mary walikuwa Rusinga kwa fedha za mfadhili aliyeitwa Charles Boise. Siku moja Louis alikuwa ameinamia mabaki ya mamba. Mary hakupenda mamba, wa kale wala wa leo, kwa hiyo akaenda zake kupekua mteremko mwingine. Huko akaona vipande vya mifupa juu ya ardhi, na palipoanzia mteremko jino limechomoza. Alipolifuata jino akakuta taya, na penye taya palikuwa na uso. Akamwita mumewe kwa sauti, naye akaja mbio, mamba wake akabaki peke yake. Mary ameeleza katika tawasifu yake kwamba furaha ya siku ile waliisherehekea usiku kwa namna ambayo matokeo yake ni mtoto wao wa kiume wa tatu, Philip, aliyezaliwa Juni 1949. Sijaona kisukuku kingine chenye cheti cha namna hiyo.

Kilichowafurahisha kiasi hicho kinaeleweka. Mpaka siku hiyo sokwe wa kale walijulikana zaidi kwa meno na vipande vya taya. Sasa kulikuwa na uso: mfupa wa pua, matundu ya macho, paji, taya la juu na la chini, yote ya mnyama mmoja. Mary aliunganisha vipande hivyo kwa siku nyingi, kisha akapanda ndege kwenda London na fuvu ndani ya sanduku mapajani. Waandishi wa habari walikuwa wakimsubiri uwanjani. Magazeti yakaandika kwamba mnyama aliyekosekana kati ya nyani na mtu amepatikana, jambo ambalo halikuwa kweli wakati huo wala halijawa kweli baadaye. Fuvu likaenda Oxford kwa Wilfrid Le Gros Clark, bingwa wa anatomia, ambaye mwaka 1950 pamoja na Leakey alitangaza kwamba Rusinga ilikuwa na zaidi ya aina moja ya sokwe, mmoja mdogo na mwingine mkubwa waliyemwita nyanzae.

Fuvu lilikaa Uingereza. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga haya yalichukua zaidi ya miaka thelathini. Kenya ilipopata uhuru na makumbusho yake yakawa na uwezo wa kulihifadhi, Richard Leakey, aliyekuwa mkurugenzi, aliomba lirudishwe. Makumbusho ya London yakashikilia kwamba ni mali yake. Kilichomaliza ubishi ni karatasi: barua za enzi ya ukoloni zilizotoka kwenye nyaraka, zikionyesha kwamba mwaka 1948 lilitolewa kwa mkopo. Likarudi Nairobi mwaka 1982.

Liliporudi, likawakuta ndugu zake. Katika kupekua makasha, vilipatikana vipande vya fuvu vilivyookotwa Rusinga mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Mary kuliona lile jino, na kuwekwa pamoja na mabaki ya kobe. Kosa lenyewe unaweza kulisamehe, kwa kuwa kipande chembamba cha fuvu kilichopinda kinafanana sana na kipande cha gamba. Lakini vililingana na fuvu la Mary. Mifupa ya kisogo cha mnyama yule yule ilikuwa imesombwa na mvua ikatangulia kushuka mteremko, mtu akaiokota, akaihifadhi, na hakuna aliyeitambua. Mwaka 1983 Walker na wenzake walichapisha fuvu lililokamilishwa na kukadiria ujazo wa ubongo wake: sentimita za ujazo 167 hivi. Hiyo haijazi kikombe cha chai, ila kwa mnyama wa kilo kama 10 ni ubongo mkubwa kuliko wa tumbili wengi wa kimo chake.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe, maana tumeshamzunguka vya kutosha.

Tuanze na jino, kwa kuwa mara nyingi ndilo pekee linalobaki. Gego la chini la sokwe lina nundu tano, na kati ya nundu hizo upo mfereji unaogawanyika kama herufi Y. Gego la tumbili lina nundu nne zilizopangwa mbili mbili, kila jozi imeungwa kwa ukingo unaokatiza jino kutoka upande hadi upande. Mtaalamu akipewa gego moja lililooshwa vizuri anaweza kukwambia mwenyewe alikuwa wa ukoo upi kabla hujamaliza kumwuliza limetoka wapi. Wewe pia unalo la aina hiyo. Watu wengi wana nundu tano kwenye gego la kwanza la chini, na ukilipapasa kwa ncha ya ulimi utazisikia, kama fundi wa meno hajakutangulia. Tabaka gumu la juu la magego ya sokwe wa Rusinga lilikuwa jembamba, ishara kwamba chakula chake kikuu kilikuwa matunda laini. Mla mbegu ngumu na mizizi yenye mchanga angeyamaliza meno hayo upesi.

Chini ya shingo mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapo ndipo mifupa ya kabatini ilipoleta faida. Mikono na miguu ilikaribiana kwa urefu. Kifua kilikuwa chembamba na chenye kina, kama cha tumbili. Sokwe wa leo wana kifua kipana, mabega yaliyotoka pembeni, mikono mirefu; miili yao imejengwa kwa kuning'inia. Huyu alitembea juu ya matawi kwa miguu yote minne, bila haraka, akishika vizuri. Kidole gumba chake kilikuwa kirefu na chenye nguvu.

Halafu kuna suala la mkia, na hili limewagombanisha watu wazima kwa miaka.

Ukiona mnyama anayetembea kama tumbili juu ya tawi, unategemea mkia wa kumsaidia kusawazisha mwili. Mwaka 1991 Carol Ward, Walker na Mark Teaford walichapisha makala ambayo kichwa chake kilisema waziwazi kwamba Proconsul, jina alilokuwa nalo sokwe wa Rusinga wakati huo, hakuwa na mkia. Mwaka 1998 Terry Harrison akajibu kwa makala yake: ushahidi wa mkia upo. Mwaka 2004 Masato Nakatsukasa wa Kyoto, akiwa na hao hao wa mwanzo na wengine, akaleta mfupa wa mwisho wa sehemu ya nyonga ya uti wa mgongo. Kwa mnyama mwenye mkia, mfupa huo hubaki mnene hadi mwisho na mfereji wake wa neva uko wazi, kwa sababu kazi inaendelea nyuma yake. Huu wa Rusinga unachongoka, mfereji wake umebanwa. Nyuma yake hapakuwa na mkia wa kuzungumzia. Palikuwa na kifandugu, kama tulichonacho mimi na wewe na ambacho hutukumbusha kipo tukianguka vibaya.

Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote yaliyotoka Rusinga. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba masokwe walipoteza mkia kwa kuwa walianza kuning'inia wima, na mwenye kuning'inia mkia humsumbua tu. Sokwe wa Rusinga amevuruga mpangilio huo. Mkia ulikuwa umekwisha kuondoka, na bado mwili unatembea kwa minne kwenye tawi kama wa tumbili. Kuning'inia kulikuja baadaye, kwa wengine. Februari 2024 watafiti wa New York, wakiongozwa na Bo Xia na Itai Yanai, walieleza katika jarida la Nature kipande cha vinasaba kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo TBXT. Binadamu na masokwe wote tunacho, tumbili hawana, na panya waliowekewa mabadiliko yanayofanana nayo walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia kabisa. Walikadiria kwamba tukio hilo lilitokea miaka kama milioni 25 iliyopita. Ikiwa ni hivyo, mkia uliondoka kwa ajali ya vinasaba, na mwili ukatafuta namna ya kuishi bila mkia. Gumba lenye nguvu huenda ni sehemu ya namna hiyo.

Miaka milioni 25 inatupeleka Tanzania. Kusini magharibi mwa nchi, katika Bonde la Ufa la Rukwa, kikosi cha Nancy Stevens kilipata vitu viwili vidogo: taya la chini lenye meno, na kipande cha taya chenye gego moja. Waliviweka hadharani Mei 2013. La kwanza, Rukwapithecus, lina magego ya ukoo wa sokwe. La pili, Nsungwepithecus, lina gego la ukoo wa tumbili wa Afrika na Asia. Umri wa mwamba ni miaka milioni 25.2. Vinasaba vilikuwa vimeshaonyesha kwamba koo hizi mbili ziliachana wakati kama huo au kabla yake, ila vinasaba ni hesabu, na hesabu hukaa vizuri zaidi ukiwa na mfupa mkononi. Rukwa ilitoa ushahidi wa mapema kuliko wote wa koo zote mbili, kutoka bonde moja. Wanaodhani elimu hii inadai mifupa mizima wauangalie ushahidi huo: unaingia kwenye kiganja, na nafasi inabaki.

Nyuma ya mifupa hii wako watu wengine, na wao pia walikaa kabatini muda mrefu.

Heselon Mukiri, Mkikuyu, alifanya kazi na Louis Leakey tangu miaka ya mwanzo ya safari zake na ndiye aliyesimamia uchimbaji. Jicho lake lilikuwa maarufu. Visukuku vingi vinavyotajwa kuwa vya Leakey viliokotwa na Mukiri au na watu aliowafundisha, na katika makala za wakati huo hutajwa kwenye shukrani, kama anatajwa. Mwaka 1993 Walker, Teaford, Lawrence Martin na Peter Andrews walipoonyesha kwamba sokwe mdogo wa Rusinga si yule yule wa Koru, walimpa jina la heseloni. Kamoya Kimeu, aliyeanza kazi Olduvai mwaka 1960 na kuwa mtafuta visukuku mashuhuri kuliko wote Afrika Mashariki, naye ana nyani wake wa kale, Kamoyapithecus, aliyepewa jina hilo mwaka 1995. Ni heshima, sibishi. Ila jina ni kitu kimoja na uandishi ni kingine. Kumwita mnyama kwa jina la mtu ni rahisi kuliko kumpa mtu huyo nafasi ya kusema mnyama ni nani.

Hilo nalo limeanza kubadilika. Mwaka 2015 sokwe wa Rusinga na Mfangano waliondolewa kabisa ndani ya Proconsul na kupewa jamii yao, Ekembo, jina lililotoka katika Kisuba, lugha ya jadi ya watu wa visiwa hivyo. Waandishi wa kazi hiyo walikuwa watano, na wawili kati yao ni Wakenya, Fredrick Kyalo Manthi na Emma Mbua. Kwa hiyo yule wa mtini leo ni Ekembo heseloni. Mwaka 2014 kaskazini mwa Kenya, mtafuta visukuku John Ekusi alikuwa amewatangulia wenzake kurudi kwenye gari alipoona kitu kama duara ardhini. Lilikuwa fuvu la mtoto wa sokwe wa miaka milioni 13, kamili kuliko fuvu lolote la sokwe wa kale lililowahi kupatikana Afrika. Aliyeongoza utafiti huo na kuutangaza katika Nature mwaka 2017 alikuwa Mkenya, Isaiah Nengo, na jina alilompa mnyama huyo, Nyanzapithecus alesi, lina neno la Kiturkana ndani yake.

Rusinga kwenyewe kazi haikusimama. Mwaka 1984 Walker na wenzake walipata hapo eneo la Kaswanga, ambako mabaki ya Ekembo wasiopungua tisa, wachanga kwa wakubwa, yalilala pamoja. Kwa mara ya kwanza watu wangeweza kulinganisha mtoto na mzima wa mnyama huyo mmoja. Kaswanga wengine wataijua kwa sababu nyingine: mwanasiasa Tom Mboya amezikwa upande huo wa kisiwa. Kisha mwaka 2014 likatangazwa jambo ambalo lingemfurahisha Whitworth na kumkera kwa pamoja. Lauren Michel na wenzake walieleza ardhi ya kale ya Rusinga yenye mashina, mizizi na majani, yote ya msitu mmoja, na ndani ya udongo huo huo mabaki ya Ekembo. Mashina yalikuwa yamekaribiana vya kutosha kuonyesha kwamba matawi yalifunikana juu. Kabla ya hapo wataalamu walibishana kwa kutumia wanyama waliosombwa kutoka huku na kule. Wengine walisema msitu, wengine pori la wazi. Hapa miti ilikuwa imebaki pale ilipoota.

Hata hivyo usihitimishe mapema kwamba sokwe ni mtoto wa msitu mnene. Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuna sokwe wa umri wa miaka milioni 21 hivi, Morotopithecus, mkubwa kuliko Ekembo na mwenye mgongo uliosimama zaidi. Mwaka 2023 makala mbili katika jarida la Science zilionyesha kwamba aliishi kwenye miti iliyoachana, na kati yake nyasi zinazopenda jua, na kwamba alikula majani. Yeye ni wa kale kuliko Ekembo kwa miaka milioni kadhaa, na bado mwili wake unafanana zaidi na wa masokwe wa leo. Anayetaka ngazi iliyonyooka, kila kipandio juu ya kingine, Afrika Mashariki haitampa. Wakati mmoja palikuwa na masokwe wa kila namna hapa, wakubwa kwa wadogo, wa msitu na wa mbuga, na wengi wao hawakuacha kizazi. Kama Ekembo ni babu yetu au ni ndugu wa babu aliyekufa bila mtoto, wataalamu hawajakubaliana, na binafsi sioni kwamba thamani yake inategemea jibu hilo.

Makabati ya Nairobi nayo bado yanatoa vitu. Kati ya 1978 na 1980 watu walichimba Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, wakitafuta masokwe, na waliwapata, wa kale zaidi kuliko wale wa Koru. Walipata pia taya la mnyama mkubwa mla nyama, likawekwa kwenye droo. Mwaka 2013 Matthew Borths alikuwa akipekua mikusanyo ya wala nyama alipovuta droo hiyo na kukuta chonge na magego ya kukatia nyama ambayo hakutegemea kuyaona. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens, yule wa Rukwa, walimpa mnyama huyo jina la Kiswahili lililounganishwa kwa staili ya Kilatini: Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba wala paka. Alikuwa wa ukoo uliokwisha kutoweka, mkubwa kuliko simba yeyote aliye hai leo, na aliishi miaka kama milioni 22 iliyopita mahali pale pale walipoishi masokwe wa Meswa, ambao wachimbaji walikuwa wamewafuata tangu mwanzo.